Kumpeleka mtoto bodingi ya mlimani ukiwa Mombasa: fanya haya kabla hujalipa hata shilingi

Kila Novemba ikiingia simu yangu hailali. Mara ni mama fulani wa Bombolulu, mara shemeji wa Likoni, mara jirani ananiita dirishani tu: wako umewapeleka wapi, huko juu baridi vipi, bora Limuru ama bora Taita, halali wanapika? Maswali ni yale yale na mimi nshachoka kurudia kwa voisi, bas nimekaa nikaandika mara moja, ukinipigia ntakutumia hii. Wangu ni wawili. Wa kike yuko chini ya Mlima Kenya, wa kiume yuko milima ya Taita, na huyo wa kike ilibidi nimhamishe baada ya mwaka mmoja manake shule ya kwanza nliichagua kwa maua ya getini. Maua yalikuwa mazuri wallahi.

Kama ni vizuri ama vibaya kumpeleka mtoto bodingi siingilii, hiyo ni ya nyumbani kwako. Hapa naongea na yule ashaamua, ana shule tatu nne kichwani na hajui ashike ipi. Na kitu kimoja nlichojifunza kwa gharama ni kuwa shule ya baridi huichagui kwa mchana wake, waichagua kwa usiku. Mchana zote zapendeza.

Uwe na hivi kwanza

- Cheti cha kuzaliwa, nambari ya UPI ya mtoto (ile yake kwenye mfumo wa wizara ya elimu), na ripoti za temu mbili za mwisho. Piga kopi tano tano, utanishukuru.
- Karatasi ya daktari kama mtoto ana pumu, seli mundu, kifafa ama aleji. Hii isiwe ya kuandikwa getini siku ya kuripoti.
- Mtoto awe ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali, chini yako. Ile EduAfya ya wanafunzi wa sekondari haiko tena, usiitegemee.
- Mwenyeji. Mtu mzima mmoja unayemwamini anayeishi saa moja au mbili kutoka shuleni na anaweza kuitwa saa nane usiku akaenda. Ukikosa huyu, futa hiyo shule kwenye listi hata kama ni ya kwanza nchini.
- Siku mbili na nauli ya kwenda kuiona shule. Ukiona hizo siku mbili ni ghali, jua kila hafutemu, ile likizo fupi ya katikati ya temu, itakuwa hivo hivo.

Hatua ya 1: Jua wataka mlima gani

Watu husema "bara" kama ni mahali pamoja. Kila ukipanda mita 1,000 joto lashuka kama digrii 6 hivi. Wundanyi iko mita 1,400 na kitu, Nyeri mjini kama 1,750, Nanyuki 1,900 na zaidi, Limuru yapita 2,200, Iten kama 2,400. Sasa chukua usiku wetu wa Julai, ule wa kusi tunaojifunika leso moja tukaona tumepatikana, kisha utoe digrii 13, hiyo ndio Limuru. Hapo bado ukungu na manyunyu.

Mtoto ambaye hajawahi kuvaa sweta maishani mwake usimrushe Molo moja kwa moja. Taita ni pazuri kuanzia: kuna baridi ya kweli asubuhi lakini si ile ya kukata vidole, na ukiitwa unafika siku hiyo hiyo.

Kama mtoto ana seli mundu simama hapa kwanza. Baridi huwaletea yale maumivu, na sisi watu wa pwani ugonjwa huu tunao sana. Muulize daktari wake kabla hujamuuliza mwalimu mkuu. Pumu pia, ingawa kuna wanaoendelea vizuri tu mradi inhela iko mfukoni kwa mtoto na haikufungiwa ofisini.

Wapo wanaoniuliza Lushoto na Moshi. Ni milima mizuri na Lunga Lunga si mbali, lakini huko mtoto aingia mtaala wa Tanzania na mitihani ya taifa ya huko, ile ya NECTA, anahitaji kibali cha kusomea, na kumrudisha huku katikati ni kazi. Kama huna mpango wa kumwacha amalize kule, achana nayo.

Hatua ya 2: Angalia kama bodingi yenyewe inaruhusiwa

Mwishoni mwa 2022 serikali ilitangaza kuwa Gredi 1 mpaka 9 wasome kutwa. Za kibinafsi nyingi ziliendelea. Kisha Septemba 2024 bweni la wavulana la shule ya msingi ya Hillside Endarasha kule Nyeri likashika moto usiku na watoto 21 wakafa, na baada ya ukaguzi serikali ikafunga mabweni ya shule za msingi zaidi ya 300. Kwa hivo kama mwanao ni mdogo, uliza waziwazi: cheti cha usajili chasema bodingi ama chasema kutwa peke yake? Waambie wakionyeshe. Mwenye nacho atakitoa tu, na anayekwambia "mama hiyo iko ofisi ya kaunti" mshukuru uondoke.

Gredi 10 ya serikali ni habari nyingine, huko mtoto hupangiwa kwa mtandao. Kundi la kwanza 2025 lilichagua shule 12, tisa za bodingi, na sita kati ya hizo tisa ni za nje ya kaunti. Kosa naloliona ni watu kujaza zile sita kwa majina waliyoyasikia kwenye taarifa ya habari. Zile sita ndizo zitakazokupeleka mlimani, kwa hivo hatua zote zinazofuata zifanye kabla ya kujaza. Na uangalie shule inafundisha mkondo anaotaka mtoto, manake si kila shule ina mikondo yote mitatu. Kumpeleka mtoto wa michezo na sanaa kwenye shule ya STEM tupu (sayansi na hisabati), halafu kwa baridi, ni kumtafutia maneno.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya njia kwa saa, sio kwa kilomita

Chukua karatasi uandike kutoka mlango wa nyumba yako mpaka geti la shule. Mfano wa Taita: treni ya saa mbili asubuhi pale Miritini, ile inayosimama simama, washuka Voi, hapo matatu ya Mwatate, kutoka Mwatate wapanda zile kona mpaka Wundanyi. (Mtoto anayetapika gari mpe mfuko.) Mchana umefika na jioni yaweza kukukuta nyumbani ukitaka kujitesa na basi.

Mfano wa Nyeri: treni ile ile hufika Nairobi mchana, lakini Nairobi yenyewe ni Syokimau, sio mjini. Mpaka uingie mjini, upate gari, utembee kilomita 150 nyingine, usiku umeingia, na barua ya shule imesema kuripoti ni kabla ya saa kumi. Maana yake walala Nairobi kwenda, na pengine walala kurudi. Treni daraja la kawaida ni 1,500 kwa mtu mzima tangu 2024, weka na chakula, weka na chumba, halafu zidisha kwa kila kufungua na kufunga. Eldoret na Iten ongeza kilomita 300 na ushei kutoka Nairobi.

Hafutemu ya siku nne mtoto wa Eldoret mwenye kwao Mombasa atumia mbili njiani. Ndio nikasema mwenyeji ni lazima.

Hatua ya 4: Pesa, zote

Kwa zile za kitaifa za serikali kiwango kilichowekwa ni 53,554 kwa mwaka, nyingine nyingi za bodingi ni 40,535, na hulipwa asilimia 50 temu ya kwanza, 30 ya pili, 20 ya tatu. Za kibinafsi kila mtu na bei yake. Ila karo ni mwanzo tu. Uliza kwa maandishi: pesa za godoro, za sweta ya shule na ile tracksuti, za masomo ya ziada, za safari, za maendeleo, zile ambazo "wazazi walikubaliana" kwenye mkutano usiohudhuria. Nlipofanya hesabu ya kweli ya mwaka wa kwanza wa binti yangu, nauli na nguo za baridi pekee zilinishtua kuliko karo.

Usilipe pesa ya kushikilia nafasi kabla ya hatua ya 5. Watakwambia nafasi mbili tu zimebaki. Nafasi mbili hubaki kila mwaka.

Hatua ya 5: Panda ukaione, na uende Julai

Hii ndio hatua yenyewe. Wengi huenda Desemba ama Januari, jua la huko tamu, nyasi za kijani, Mlima Kenya umetoa kichwa chake cheupe asubuhi, wewe mtu wa joto la Kongowea waona umefika peponi. Nenda Juni ama Julai. Lala mji wa karibu, amka usiku, ufike getini saa kumi na mbili asubuhi siku ya wiki, isiwe siku ya wazazi. Piga simu jana yake useme utapita "asubuhi", usiseme saa ngapi.

Ukishaingia:

Fungua mfereji wa bafuni uweke mkono ndani, hesabu mpaka thelathini. Ukishindwa wewe, mwanao hataoga. Kwa shule ya kwanza ya binti yangu maji yalikuwa yanatoka kijitoni moja kwa moja, na hilo mimi silijui, nimekuja kulijua likizo ya Agosti nikimvua soksi kisigino kimepasuka mpaka nyama nyekundu yaonekana, na mtoto ananiambia kwa aibu kuwa walikuwa wakiosha uso na miguu tu, wakipaka mafuta juu. Mtoto wa Mombasa anayeoga mara tatu kwa siku! Kwa hivo uliza: maji ya moto yapo? Ya sola ama kuni? Sola siku tatu za ukungu huwa ni mapambo. Yapo kwa wote ama kwa wale wakubwa tu?

Nenda kamba ya nguo. Ukiona sare zimeanikwa ndani ya bweni kwenye vyuma vya vitanda, hawana pa kukaushia, na mtoto atavaa soksi mbichi temu nzima ya pili. Shule iliyojipanga ina kibanda cha mabati yale yanayopitisha mwanga, ama chumba kando ya jiko.

Vyoo viangalie mwenyewe, usionyeshwe. Usiku viko umbali gani na bweni, na taa ipo?

Gusa godoro. Nusa blanketi. Angalia dari kama kuna doa la maji juu ya kitanda. Madirisha yote yana vioo? Kioo kimoja kilichovunjika huku kwetu ni upepo mzuri, kule ni kikohozi cha watoto kumi.

Kaa uwaangalie watoto wakienda kifungua kinywa, wanatembea ama wanakimbia kwa woga? Wana soksi? Wangapi wanakohoa? Hapo hutahitaji kumuuliza mtu.

Hatua ya 6: Milango ya bweni

Naipa hatua yake peke yake, nisamehe nikikukera. Mwongozo wa usalama wa shule Kenya wa 2008 wataka vitanda viwe mita 1.2 mbali, njia ya katikati mita 2, mlango kila upande na wa dharura katikati, milango yote ifunguke kwa nje, madirisha bila nondo, na mlango usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Hatua moja kubwa ya mtu mzima haifiki mita 1.2 sawasawa, kwa hivo pima kutoka kitanda hadi kitanda: hatua moja ikimaliza nafasi, wamebanana.

Halafu fanya nlichofanya mimi: nenda mlango wa dharura uuombe ufunguliwe. Kuna shule moja nlikuwa nshaipenda kabisa, matroni akacheka, akaenda kutafuta ufunguo, dakika zikapita tano, saba, akarudi na mkungu wa funguo na wa pale haukuwemo. Mimi nikashukuru kwa chai na nikaenda zangu.

Vitanda vya ghorofa tatu pia, ondoka. Na uliza nani hulala bwenini usiku. "Matroni yuko ndani ya shule" si jibu, shule ni ekari ishirini.

Hatua ya 7: Dini na tumbo

Shule nyingi za milimani zilianzishwa na makanisa, na si kosa, ila ujue mapema. Kwa sie Waislamu uliza hivi: kuna IRE (somo la dini ya Kiislamu) ama CRE ya Kikristo peke yake? Pa kuswali papo, na Ijumaa wanaruhusiwa kutoka? Hijabu na sare inaruhusiwa kwenye karatasi, sio kwa mdomo wa mwalimu mmoja? Nyama huchinjwa na nani? Na Ramadhani, ambayo miaka hii yaangukia temu ya kwanza, daku yapikwa ama mtoto ataamka kula mkate mkavu? Nlimuuliza mpishi, sio mwalimu. Mwalimu alisema "hakuna shida", mpishi akasema huwa wanawawekea githeri ya usiku kwenye sufuria na wanaipasha saa kumi. Hilo ni jibu.

Wakristo nao waulize kanisa gani, kuna watu wameshangaa.

Chakula chenyewe usiombe kingi. Sima, sukuma, maharagwe, githeri Jumatatu mpaka Jumapili. Wali wa nazi asahau. Cha kuuliza ni kama chai ya asubuhi ni ya moto kweli na kama kuna kitu saa nne, manake kwa baridi mtoto huona njaa zaidi.

Hatua ya 8: Ongea na watu watatu

Matroni, nesi, na mtoto yeyote wa pwani aliyeko pale. Matroni muulize mtoto akikojoa kitandani hufanya nini, na umtazame uso anavyojibu. Nesi muulize mtoto akipata homa anapelekwa wapi na nani hupiga simu. Mtoto wa pwani muulize tu, "mwanangu, unaoga saa ngapi?" atakueleza yote.

Na wako je? Mpeleke akaone. Wa kiume nlimpa shule mbili zilizopita hatua zote akachagua mwenyewe. Sababu yake ilikuwa uwanja wa mpira uko tambarare. Sawa, mlimani hilo si dogo.

Hatua ya 9: Shopingi

Usinunue Nairobi. Nenda Kongowea kwenye mitumba, masweta mazito na majaketi ya bara huku hayana mnunuzi na muuzaji anakuangalia kama umetumwa na Mungu. Chukua: fulana za ndani za mikono mirefu tatu, soksi nzito jozi sita (si tatu), kofia ya sufi, blanketi mbili, suruali ya kulalia nzito, gambuti, champali za bafuni, leso mbili hata kama ni mvulana, na mafuta ya kujipaka mazito, yale mepesi yetu hayafanyi kazi. Viatu nunua namba moja juu ili soksi mbili ziingie. Sanduku la bati na kufuli nzuri. Kila kitu andika jina kwa uzi, kalamu hutoka.

Kwa kula weka kachiri na mahamri ya siku mbili tu, atagawana na wenzake usiku wa kwanza na hapo marafiki wamepatikana.

Mambo yakienda mrama

*Alia kila simu.* Wiki tatu za kwanza karibu wote hulia. Usimwambie "ntakuja kukuchukua", utamvuruga. Akilia bado baada ya hafutemu, ama akinyamaza kabisa na alikuwa muongeaji, panda, tena usiseme unakuja.

*Pua yatoka damu, midomo yapasuka, anachoka akikimbia.* Baridi na hewa nyepesi. Mafuta, maji mengi, hupungua ndani ya wiki chache. Damu ikizidi ama kifua kikimbana aende hospitali.

*Homa siku chache baada ya kufungua.* Mwambie nesi kwa kauli kubwa: huyu ametoka Mombasa, mpime malaria. Kule juu malaria ni kidogo na wengine hawaifikirii kwanza, watampa dawa ya mafua. Na akirudi likizo alale ndani ya neti bila mjadala, amekaa miezi bila kuumwa na mbu na mwili wake haujazoea tena.

*Amepigwa na mwalimu.* Kiboko kilipigwa marufuku Kenya tangu 2001. Piga picha, andika tarehe, nenda kwa mwalimu mkuu na barua, wakikuchezea ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ipo.

*Nguo zimeisha.* Zimeibiwa ama amegawa. Peleka mbili, usipeleke kumi.

*Shule si ile uliyoiona.* Ukiweza usimtoe katikati ya temu, isipokuwa ni usalama ama afya. Lipa unachodaiwa, dai risiti, chukua barua ya kuhama na ripoti zote, na hakikisha jina lake limetolewa kwenye mfumo wa wizara, la sivyo shule mpya haitaweza kumsajili na mtazungushwa mpaka Machi. Mimi nlimhamisha wangu Desemba. Sanduku ni lile lile, soksi ndio nliongeza.